Permi Yangu Ndani ya Tirwari ya Shefu

Batu banasema kisasi ni ya Mungu. Muzuri. Lakini Mungu eko na kazi mingi, na ile miaka ya Zaire, Kolwezi ilikuwa mbali na masikio yake. Mi nilijifanyia yangu mwenyewe, na sijaitubu ku padiri hata mara moja. Kama umekuja hapa kutafuta muzee mwenye alisamehe, umepotea njia, baba. Endelea na barabara.

Nilikuwaka shofere ya kamyo ku kompanyi ya mugodi. Baba yangu balimuletaka kutoka Kasai juu ya kazi ya shaba, mi nilizaliwa Kapata, mu kambi ya kompanyi, na kisha baba kufa nilipata kazi yangu na nyumba yangu, mistari mbili chini ya ile yenye nilizaliwa. Vyumba mbili, jiko inje, mupapai moja. Lakini nyumba ya kompanyi si yako, ni ya kazi. Kazi ikitoka, nyumba inatoka pia, na inakutosha inje na bibi, na batoto, na kuku. Hiyo kila mutu ya Kapata alikuwa anaijua tangu utoto.

Asubuhi nilikuwa nabeba batu ya timu ya kwanza. Mara moja kwa juma kamyo ilikuwa inaenda Kasaji kutafuta mihogo na mihindi ya posho ya bafanya kazi. Miaka tisa, sikugonga hata mbuzi.

Sasa, batoto ya leo habajue bendera ilikuwa nini. Kila asubuhi, mbele ya biro ya serikali, jandarme anapiga filimbi, bendera inapanda, na kila kitu inasimama. Mwenye kinga, ile baisikeli, anashuka. Mama mwenye beseni ku kichwa anasimama na beseni yake, hata mayi imumwangikie mu macho. Shofere anasimamisha motoka, anashuka, anaweka mikono chini, mpaka wimbo inaisha. Ukitikisika, ni buloko, unalala gerezani.

Ile siku filimbi ilinikuta mbele kabisa ya biro. Nilisimama. Nilishuka. Batu makumi tatu mu kamyo yangu balisimama wima. Lakini motere sikuizima. Demarere, ile ya kuwashia motere, ilikuwa imekufa tangu juma mbili, garaji inangojea kipande kutoka Lubumbashi, na ukizima ile kamyo, batu makumi tatu banashuka kusukuma, na sirene ya mugodi haingojee mutu. Niliiacha inaguruma polepole. Hapana kwa zarau. Kwa demarere tu.

Wimbo iliisha, na mutu moja akatoka mu mustari ya bakubwa. Mufupi, abakosi ya buluu, ile koti ya Zaire ya bila kravati, biatu binangaa. Tulimujua wote: ni ye alikuwa shefu ya biro ya permi ya kuendesha motoka. Mutu hakupata permi Kolwezi bila ye kusaini, na mutu hakurudishiwa permi bila ye kutaka.

"Sitwayeni," aliniambia, juu ile wakati "musheu", bwana ya bazungu, ilikuwa neno ya kukufunga, tulikuwa wote basitwayeni, bananchi tu. "Taifa inaimba, na motoka yako pia inaimba?"

"Shefu, demarere imekufa. Nikizima..."

"Piga magoti."

Nilifikiri anacheza. Niliangalia jandarme. Jandarme aliangalia chini, pa mawe, kunionyesha nafasi.

Nilipiga magoti. Sawa, magoti ni magoti, inapona. Lakini mu ile kamyo kulikuwa baba ya bibi yangu, alikuwa anatumika mu timu ya kwanza. Na siye Baluba, mukwe ni mutu ya kuogopa. Mi sikupataka kula mbele ya ule muzee. Nikimukuta mu njia, napita kando. Hajaonaka mugongo yangu bila shati. Sasa alikuwa ananiona mu mavumbi, na mutu anapiga kofi kichwa yangu, moja, mbili, anasema: "Kichwa ya mayi! Kichwa ya mayi!" Muzee aligeuza uso, akaangalia upande ya mugodi. Aligeuza kwa heshima, juu asinione. Na ile heshima yake njo iliniuma kupita kofi.

Shefu alinyosha mukono, nikamupatia permi. Batu makumi tatu balienda kazi na miguu.

Ku garaji, mukubwa yangu alikuna kichwa. Hakukuwa mutu mubaya. "Nakupatia fagio," alisema. "Miezi tatu. Ikipita na huna permi, nafasi na nyumba binaenda kwa shofere mwingine. Si mi, ni sheria ya kompanyi. Kimbia, lipa, rudi."

Nikakimbia. Nikalipa. Ee, nililipa!

Kwanza, fini ya bendera, ku banki, na risiti. Nilipeleka risiti. Shefu aliiangalia, akafungua tirwari, ile droo ya meza yake, akatosha permi yangu. Niliona foto yangu, sura yangu ya kijana. Moyo iliruka. Akasema: "Mu hii foto umevaa kravati."

"Shefu, ni foto ya zamani, mbele bakataze kravati."

"Kwa hiyo taifa inapatia ruhusa mutu ya kravati kuendesha? Leta foto ingine." Akarudisha sura yangu ndani ya tirwari, akafunga na ufunguo.

Nilileta foto. Akasema jina ni ya ubatizo, Zaire haina tena majina ya batakatifu ya bazungu, kwa hiyo permi ni ya mutu mwenye hayuko. Nilileta karatasi ya jina mupya, na tembre, ile stempu ya serikali. Tembre ilikuwa ya rangi mubaya. Nilileta ya rangi muzuri. Akaomba karatasi ya munganga ya macho. Macho yangu! Mi nilikuwa naona nyoka mu majani kutoka ndani ya kamyo! Nililipa munganga. Kisha ile ya macho, ikatoka ingine yenye sikupataka kuisikia: "lipa ya kurudishwa." Nililipa. Na kila mara, tirwari inafunguka, sura yangu inaniangalia, tirwari inafunga. "Rudi juma ingine."

Mukono mutupu haulambwe, hiyo najua, si mutoto. Nilimupelekea jogoo mbili na gunia ya unga ya Kasaji. Alichukua. Alisema aksanti. Kinga yangu ilikuwa imekwisha kuuzishwa, radio pia, na bikwembe tatu ya bibi yangu, bile bitenge bya ndoa, bilienda kwa mama moja ya Dilala mwenye alibipima na vidole, na mwenyewe anaangalia. Bibi yangu hakulia. Alisema tu: "Kama anaomba magoti tena, piga. Nyumba ibaki."

Mwezi ya pili ikaisha. Siku moja nilikuwa mbele ya meza yake na kofia mu mikono, shefu akasema: "Tata, funga mulango. Ikala."

Tata, baba! Na kiti! Niliikala pa ncha, kuogopa isivunjike.

"Serikali imenipatia motoka," alisema. "Koksinele, ile ndogo ya mugongo ya duara, ya nyeupe."

"Pongezi, shefu."

"Shofere habakunipatia."

Niligeuza kofia mu mikono.

"Permi, mi niko nayo," alisema, na alikuwa anaangalia dirisha. "Ni mazoezi njo imekosa. Juu ya kazi mingi."

Mawe, mama yangu! Nilijiuma ulimi mpaka nikasikia damu. Ule mutu mwenye alikuwa anafukuza batoto ya batu ku mutihani juu guruduma imegusa mustari, ule mutu hakujua muguu gani inakandamiza nini! Permi yake alijisainia ye mwenyewe, pa ile meza.

"Utanifundisha siku ya Mungu, wakati batu beko ku misa," alisema. "Nikijua, permi yako inatoka. Mutu akisikia, naichoma mbele yako."

Sikuwa na la kuchagua. Nilikubali.

Tulikuwa tunaenda mbali, kwenye ile uwanja mukubwa ya udongo yenye mugodi inatupa, bapa, bila muti, bila mutu. Siku ya kwanza nilimufundisha kwa haki. Naapa. Nilifikiri: fanya kazi muzuri, atakuwa na haya, atafungua tirwari. Alikuwa mwanafunzi mubaya, motoka ilikuwa inaruka ruka, lakini nilikuwa nasema: "Polepole, shefu, muzuri, shefu."

Siku ya Mungu ya pili, tulisimama kupumzika, akafungua chupa ya bia, hakunipatia, na akaanza kuseka peke yake.

"Ule muzee," alisema. "Ule mu kamyo yako, ile siku ya bendera. Mwenye aligeuza uso sawa mama mwenye ameona mutu uchi. Alikuwa nani?"

"Ni baba ya bibi yangu, shefu."

Aliseka mpaka akaweka chupa chini. "Mukwe yako? Na weye pa magoti? Eeeh, yule muzee!" Alijipangusa machozi. "Mi niliona vile anageuka, njo nikakupiga ile ya pili."

Pale njo nilikata shauri. Nilingoja amalize bia yake.

Sasa musikilize, juu hapa njo kuko kazi yote. Koksinele iko na vitesi, ile gia, ine ya kwenda mbele, na moja ya kurudi nyuma. Lakini ile ya kurudi nyuma imefichwa. Unakamata fimbo ya vitesi, unaikandamiza chini kabisa, sawa unataka itoboe motoka, kisha unavuta kushoto na nyuma. Usipokandamiza, ukivuta tu kushoto na nyuma, unaingia mu vitesi ya pili, na motoka inaenda mbele. Mutu hawezi kuijua kama hakuna mwenye amemuonyesha. Nimeona bashofere ya kamyo, bazee, banatoka jasho mu koksinele ya mutu, banatukana.

Aliporudi kushika volani, usukani, aliniuliza: "Na kurudi nyuma?"

"Shefu," nilimuambia, na sauti yangu ilikuwa tamu kabisa, "kurudi nyuma ni ya siye ba-kamyo. Mukubwa harudi nyuma. Umeonaka komisere anarudi nyuma? Mukubwa anaingia, batu banamufungulia, anatokea mbele."

Aliitika na kichwa. Niliona neno inamuingia, inamukalia muzuri.

"Lakini kama ni lazima kabisa?"

"Ikiwa lazima kabisa, unavuta hapa, kushoto na nyuma." Nilimuonyesha na kidole. Kukandamiza, hiyo niliiacha ku Kapata. Na pale pa uwanja hatukuwa na lazima ya kujaribu, tulikuwa tunazunguka tu. Ku biro yake pia alikuwa anazunguka mulingoti ya bendera. Ku nyumba nilimushauri aache motoka inje ya kiwanja, pua inaangalia barabara, juu batu bote baione. Alipenda sana. Kisha juma moja nilisikia anasema kwa bakarani: "Mukubwa harudi nyuma." Aliisema sawa yake.

Siku ya Mungu ine. Alijua kuenda, kusimama, kupiga klaksoni. Hiyo ya klaksoni aliijua kupita yote. Na permi? "Defile ikiisha," alisema. Defile, ile maandamano ya sikukuu mbele ya komisere, mukubwa ya mukoa, ilikuwa siku ya posho, siku ya sita ya juma, na miezi yangu tatu ilikuwa inaisha siku ya kwanza ya kazi yenye inafuata. Nilimukumbusha. Alisema: "Rudi kisha defile, tutaona."

Katikati ya ile juma nilirudi ku nyumba, nikakuta mama moja pa mulango, anapima madirisha na kamba. Alikuwa bibi ya shofere mupya. Habakungoja hata siku ifike. Bibi yangu alikuwa amemupatia kiti na mayi ya kunywa. Mama alipoenda, nilimuuliza bibi balisema nini.

"Ameuliza kama mvula inaingia mu chumba ya batoto," alisema. "Nimemuambia inaingia pa kona, basogeze kitanda."

"Juu ya nini unamusaidia?"

"Batoto yake habana kosa," alijibu, akaenda kusonga bukari.

Ye alikuwa vile. Mi siko vile.

Defile ikafika. Kompanyi ilitosha batu yake yote, ni lazima, na mi nilikuja na fagio yangu juu balitutuma kufagia mbele ya tribini, ile jukwaa ya bakubwa. Ilikuwa tribini ya mbao, ngazi mbele, na juu kiti ya komisere, kubwa, na kitambaa nyekundu. Bamama ya animasyo, bale ya kuimba na kucheza juu ya chama, beko tayari na bikwembe byao bya foto ya Prezida, ngoma imepashwa moto, batoto ya masomo mu mistari. Jua kali.

Shefu ya permi alifika. Ye mwenyewe ku volani! Abakosi mupya, bibi yake kando, batoto nyuma. Alipiga klaksoni kutoka mbali, batu bafungue njia, bakafungua, na akaja moja kwa moja kusimama mbele ya ngazi ya tribini, pua ya koksinele karibu iguse mbao. Bibi na batoto bakashuka. Ye alibaki kidogo ndani, juu batu bamuone.

Mutu ya protokoli alikimbia. "Sitwayeni, hapa ni nafasi ya motoka ya komisere. Rudisha nyuma, eko anafika!"

Nilisimama na fagio yangu.

Alikamata fimbo. Akavuta kushoto na nyuma. Akaachilia muguu. Koksinele iliruka mbele, po! ikavunja ngazi ya kwanza.

"Nyuma, sitwayeni! Nyuma!"

Akavuta tena. Kushoto, nyuma, muzuri kabisa, vile nilimufundisha. Po! Tribini yote ilitikisika. Mu mistari ya batoto ya masomo, moja akaanza kuseka. Mara ya tatu alikandamiza mafuta kwa hasira, na kiti ya komisere ikaanguka kutoka juu, ikapinduka, ikatua pa mavumbi na miguu yake ine juu. Sasa mji muzima ilikuwa inaseka. Bamama ya animasyo balikamatana mabega. Mupiga ngoma, mujinga ule, akapiga ngoma mara moja, du!, na batu bakalia machozi kwa kuseka.

Na njo komisere akafika. Motoka yake nyeusi haikuwa na nafasi ya kupita. Akashuka. Aliangalia kiti. Aliangalia ngazi.

"Hii motoka ni ya nani?"

"Ni ya shefu ya permi, sitwayeni komisere."

"Ya nani?"

Balirudilia. Komisere mwenyewe alifunika kinywa na mukono.

"Kuko hapa mutu mwenye anajua kuendesha?" aliuliza.

Kapata yote ilinigeukia. Na mu ile kimya nilisikia sauti ya nyuma, ya muzee, yenye nilikuwa sijaisikia tangu miezi tatu. Baba ya bibi yangu alisema: "Mukwe wangu ni shofere."

Nilitembea mpaka mbele. Niliweka fagio chini. Nilisimama wima.

"Rudisha hii motoka nyuma," komisere alisema.

"Siweze, sitwayeni komisere."

"Juu ya nini?"

"Sina permi. Sheria inanikataza." Nilisema kwa sauti kubwa, bale ya nyuma basikie. "Nimelipa fini, nimelipa foto, jina, tembre, macho, na ya kurudishwa. Permi iko mu tirwari ya meza ya huyu shefu. Ufunguo iko mu mufuko yake ya kuume."

Komisere alimuangalia. Shefu alifunika mufuko na mukono.

"Enda kuileta," komisere alimuambia.

"Na... na motoka, sitwayeni komisere?"

"Na miguu."

Akakimbia. Mu jua, mu abakosi ya nzito, na biatu binangaa, mbele ya Kolwezi yote. Kutoka pale mpaka biro yake ni mwendo. Tulingoja. Mupiga ngoma alianza polepole kumupigia hatua. Akarudi amelowana, abakosi imefunguka, na permi mu mukono. Aliisaini juu ya motoka. Akanipatia. Mi nilitamani apige magoti. Hakupiga, na hakuna mwenye alimuomba, na hiyo inaniuma mpaka leo.

Niliingia mu koksinele. Nilikandamiza fimbo na mukono, chini ya goti, mahali hakuna mutu anaona. Ilirudi nyuma polepole, muzuri, bila kelele. Bamama balipiga vigelegele.

Siku ya kwanza ya kazi nilirudi ku kamyo yangu. Bibi yangu alipita mistari yote ya Kapata mpaka kwa ule mama ya kamba, kumupatia pole juu ya nyumba. Mi sikuenda.

Aliye juu mungojee chini, banasema. Sikungoja sana. Komisere hakusamehe ile kiti. Kisha juma tatu shefu balimutosha ku kazi, na nyumba yake ilikuwa ya serikali, balimupatia siku mbili. Nilisikia anatafuta namna ya kupeleka bitu yake Kasaji, kwa ndugu zake. Nilienda mi mwenyewe kumuambia: "Kamyo inaenda tupu. Panda." Sikuomba kitu. Batu ya garaji balisema niko na roho muzuri. Niliacha baseme.

Bibi yake na batoto sita balipanda nyuma, na magodoro, na nyungu, na meza moja. Ye aliikala kando yangu. Alikuwa amekuwa mufupi zaidi. Tulipita mwendo murefu. Kisha akasema: "Tata, we uko mutu. Bote balinigeuzia mugongo, weye hapana."

Ile neno ilinikwama. Tangu defile nilikuwa nimefurahi, na kumbe ye alikuwa anafikiri ni bahati mubaya! Ni motoka mubaya! Kisasi yenye mwenyewe hajue ni ya nani, hiyo ni ajali tu.

Pa daraja moja nyembamba, kamyo ingine ilikuwa imekwisha kuingia, ikabidi mi nirudi nyuma. Nikasema: "Shefu, angalia mukono yangu."

Aliangalia.

"Hapa, ku kamyo, unavuta tu. Ku koksinele, unakandamiza chini kwanza, kisha unavuta. Usipokandamiza, inaenda mbele. Mi nilikuambia kuvuta. Kukandamiza sikukuambia."

Kamyo ingine ilipita. Shofere yake alinipungia mukono. Mi sikuondoka. Nilitaka ile maneno ifike yote kwake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Tangu ile siku uliseka mukwe yangu."

Aliangalia mikono yake. "Na nyumba? Ulijua batanitosha mu nyumba, na batoto sita?"

"Na weye, ya kwangu, ulijua?"

Inje, nyuma, mutoto moja alikuwa analia, mama yake anamutuliza.

"Nilijua," alisema. "Garaji yako ilinitumia barua. Ilikuwa ndani ya dosye, faili yako."

"Basi," nilimuambia, nikatia vitesi ya kwanza.

Karibu na Kasaji, mukono ya bibi yake ilipita mu kadirisha ya nyuma, na muhindi ya kuchoma. "Tata shofere, kula kidogo. Unatubeba tangu asubuhi, hujatia kitu mu kinywa." Niliipokea. Niliikula yote, hata kupumzika sikupumzika, na ye kando yangu anaangalia. Mpaka leo sijapata kula muhindi tamu kupita ile.